Sarafu Kuukuu Si Ubao wa Matangazo

Mtu akichukua sarafu ya zamani ambayo hata njugu za senti tano hainunui, akaigonga jina la duka lake kwa nyundo na tindo, kisha akawagawia wateja wake bure, amemkosea nani? Wengi watajibu upesi kwamba hakuna aliyekosewa. Mali ni yake, nyundo ni yake, na sarafu yenyewe imekwisha kufa. Mimi sijibu upesi hivyo, na nitaeleza kwa nini.

Mashaka haya yamewahi kuwasumbua wakubwa wa dunia kabla yetu. Katikati ya karne ya 19 palikuwa na mwenye gazeti mjini London, Edward Lloyd, aliyegundua kwamba peni ya shaba ni tarishi asiyelipwa mshahara. Akazigonga peni maneno ya kuwahimiza watu wanunue gazeti lake la kila wiki, akaziachilia zende zake sokoni. Peni huingia kwa muuza samaki, ikatoka kwa muuza mkate, ikalala kwa tajiri na kuamkia kwa maskini, na kote huko inalitangaza gazeti. Serikali iliona kitu hicho kinaidhalilisha fedha ya Malkia. Mwaka 1853 Bunge likapitisha sheria kwamba kugonga jina au maneno yoyote juu ya sarafu inayopita ni kosa, na kwamba sarafu iliyokwisha gongwa hivyo hakuna mtu anayelazimika kuipokea. Katazo hilo likatiwa tena katika sheria ya makosa ya sarafu ya 1861, na humo ikaelezwa waziwazi kwamba ni kosa, sarafu iwe imepungua uzito au haikupungua.

Hebu zingatia maneno hayo ya mwisho. Kosa halikuwa wizi wa madini. Kosa lilikuwa kuandika pasipo pako.

Lakini mfanyabiashara hakosi mlango. Miaka ya 1880 Thomas Barratt, aliyekuwa akiendesha biashara ya sabuni ya Pears, alitazama sheria akaona inalinda sarafu za Uingereza peke yake. Wakati huo sarafu ya Kifaransa ya santimu 10 ilikuwa ikipita Uingereza kama peni, kwa kuwa ukubwa na thamani vinakaribiana sana. Barratt akaagiza kiasi cha robo milioni kutoka Ufaransa, akazigonga zote jina la sabuni, akazitia mitaani. Hakuvunja sheria hata moja, na fedha yake hakuipoteza, maana kila moja ilinunua kitu cha peni. Serikali ikabaki kuuma vidole, mpaka ikabidi sarafu za shaba za kigeni zipigwe marufuku na kuondolewa. Nchi nzima ikabadili desturi yake ya sokoni kwa sababu ya sabuni! Ukiniuliza, Barratt alikuwa mjanja, na tena alikuwa ndani ya sheria. Ila ujanja wake ndio unaonifundisha kwamba kuwa ndani ya sheria na kuwa sawa ni mambo mawili.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya kijana mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, mwenye duka la manukato na udi. Alinijia na mfuko wa sarafu alizonunua kwa familia iliyokuwa ikigawana urithi. Akazimwaga juu ya meza. Zilikuwamo peni za tundu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, hela za Wajerumani, mapesa ya mizani, na riale saba au nane zenye sura ya yule mama wa Kizungu mnene. Nia yake ni kuzipeleka kwa fundi zigongwe jina la duka, ampe kila mnunuzi mmoja kama ukumbusho.

"Ami," akaniambia, "hizi hazipiti popote. Kuna ubaya gani?"

Nikamwambia kwanza tuzitenge, maana si zote za hukumu moja.

Peni za tundu sikuona haja ya kuzililia. Zilipigwa kwa mamilioni, wazee wetu walizitunga kwenye uzi kama shanga, na leo zimejaa makopo ya kila nyumba. Hazipiti kama fedha. Mtu akizigonga jina la duka ameharibu shaba yake mwenyewe, na sheria za sarafu, hapa kwetu na kwingineko, kazi yake ni kulinda fedha inayopita mikononi mwa watu. Za leo, za Benki Kuu ya Kenya, asizishike kabisa. Hata Katiba ya 2010 imeweka mpaka wa kinachoweza kuonekana juu ya fedha yetu, ikakataza sura ya mtu yeyote binafsi. Nchi iliyowaondoa marais juu ya sarafu haitawaruhusu wauza udi.

Shauri likawa gumu tulipofika kwenye mapesa ya mizani. Neno lenyewe pesa tumelipata kutoka Bara Hindi, pamoja na vile vipande vya shaba vilivyokuwa vikija kwa majahazi. Sayyid Barghash wa Unguja alipiga pesa yake ya shaba yenye picha ya mizani mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Kisha Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ilipopewa mwambao wa Sultani iuendeshe, nayo ikaleta pesa yake ya Mombasa ya 1888, yenye tarehe ya 1306 ya Hijra na mizani vilevile. Mizani ilikuwa ndiyo lugha ya sarafu iliyofahamika kwa asiyejua kusoma: hapa pana haki, usipunje.

Sasa, Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Kwa sheria hiyo, kitu chochote cha kuhamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Kampuni ile iliondoka mwaka huohuo wa 1895. Maana yake ni kwamba pesa ya Mombasa ambayo kijana wangu alitaka kumpa mtalii ndani ya kifuko cha udi, imo katika hesabu moja na milango ya nakshi na vyombo vya Kichina vya makaburini. Mtalii angeichukua hadi uwanja wa ndege bila kujua, na jina la duka lingekuwa limeandikwa juu yake kama anwani ya mtuhumiwa! Kijana alicheka, lakini alizirudisha mfukoni zote, moja moja.

Zikabaki riale.

Wazee walikuwa wakizipambanua kwa majina. Reale ya mzinga ni ile ya Kihispania yenye nguzo mbili, ambazo machoni pa Waswahili zilikuwa mizinga. Reale ya Sham ndiyo hii ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye mwaka 1780. Ilipita Unguja, Lamu, Oman, Yemen na Uhabeshi kiasi cha kuacha alama katika maneno yetu: mzee wa Mombasa asemaye thumni, akikusudia senti 50, anataja sehemu ya nane ya riale bila kuikumbuka. Lakini mwaka ule 1780 ni mtego. Ndio mwaka aliofariki malkia, na sarafu ikaendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo hata baada yake. Mwaka 1935 Waitalia wakapewa zana za kuipiga. Tangu 1936 London nayo ikaipiga mpaka 1961. Bombay, Paris na Brussels nazo zilipata zamu zao. Riale yako inayosema 1780 huenda ilitoka kiwandani wakati babako anasoma chuoni.

Je, hizo ni bandia? Wafanyabiashara wa Bahari ya Sham hawakujishughulisha na swali hilo kwa namna ya mawakili. Waliipima. Ikiwa na gramu 28 na fedha yake kamili, ikiwa na maandishi yaliyoinuka ukingoni, na vishanga vya pambo la begani vinahesabika, waliipokea. Ya risasi iliyopakwa rangi waliitupa. Na katika zile za kijana, tatu zilikuwa za risasi. Ukiigonga juu ya meza inatoa mlio wa kifuniko cha sufuria.

Hapo ndipo aliponiuliza swali ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Kwa kuwa hizi tatu ni za uongo, si hizo ndizo za kugonga tangazo? Turathi haikuharibika, fedha ya serikali haikuguswa.

Imam Ghazali, katika Ihyaa, mlango wa adabu za kuchuma, amelizungumza suala la dirhamu mbovu kwa urefu. Ananakili kauli kwamba kuitoa dirhamu moja ya uongo ni vibaya zaidi kuliko kuiba dirhamu mia, kwa sababu wizi ni kosa moja lililokwisha, ama dirhamu ile itaendelea kutoka mkono hadi mkono, na aliyeitoa mwanzo atakuwa na sehemu ya dhambi ya kila mkono hata baada ya kufa kwake. Shauri lake ni itupwe kisimani, mahali usipofika mkono. Na haitoshi kumwambia mpokeaji kwamba ni mbovu, maana huenda anaichukua ili akamdanganye mwingine. Sioni mwanasheria wa siku hizi aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi.

Tazama sasa sheria za Wazungu zilivyolizunguka kosa lilelile. Uingereza, kwa sheria ya 1981 ya kughushi, imekataza kutengeneza au kugawa mfano wa sarafu ya Kiingereza kwa ajili ya kuuza bidhaa, ila kwa idhini ya maandishi ya Hazina. Marekani imekataza kugonga au kubandika tangazo lolote juu ya sarafu yake, wala haihitaji kuthibitishwa kwamba mtu alikusudia kudanganya. Na kwa kuwa sarafu zake za zamani bado ni fedha halali, uzee wa sarafu si kisingizio huko. Ama mifano ya sarafu za kale, sheria yao ya 1973 inataka igongwe neno moja tu: nakala. Hilo ndilo neno pekee ambalo sarafu ya uongo ina haki ya kugongwa. Jina la duka halisemi "mimi ni uongo". Kinyume chake linaipa hadhi, kwa kuwa mteja atasema mwenye duka fulani ni mtu mwaminifu, hawezi kunipa risasi. Mjukuu wake ataikuta sandukuni na kuipeleka kwa sonara.

Najua wapo watakaonipinga kwa hoja nzito. Watasema chapa za matangazo za jana ndizo hazina za leo. Ni kweli. Nusu dola za Kimarekani zilizogongwa tangazo la dawa ya Houck wa Baltimore, karne ya 19, zinatafutwa na wakusanyaji kwa bei inayoshinda sarafu safi. Na katika Makumbusho ya Uingereza ipo peni ya 1903 ambayo wanawake waliodai kura waliigonga maneno yao juu ya uso wa Mfalme Edward. Peni hiyo ingekuwa safi, nani angeitazama? Sina jibu la kuwanyamazisha, ila naona tofauti. Wale wanawake hawakuwa na ukurasa wa kuandika, wakaandika kwenye kitu ambacho serikali haikuweza kukikusanya chote, nao waliibeba hatari ya kuandika. Muuza manukato ana mlango, ana ubao, ana karatasi za kufungia, na siku hizi ana simu. Akiuchukua uso wa sarafu ya Barghash ameuchukua bila dharura.

Tena kwetu Waislamu neno hili lina mzizi wake. Katika Sunan za Abu Daud na Ibn Majah imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuvunjwa sarafu ya Waislamu inayopita baina yao ila kwa sababu. Wapo wanazuoni waliodhoofisha isnadi yake, lakini mafakihi wameizingatia. Na katika tafsiri ya kisa cha Nabii Shuaib, Qurtubi ametaja miongoni mwa ufisadi wa watu wa Madyan kukata kingo za dinari na dirhamu. Katazo ni juu ya sarafu inayopita, nakiri. Mapesa ya mizani hayapiti. Lakini sarafu nyingi za Kiislamu za zamani zina majina ya Mwenyezi Mungu, na za masultani wa Kilwa zina maneno ya kumtegemea Mola yaliyotiwa vina, ubeti upande huu na mwenzake upande wa pili. Tindo la fundi halichagui herufi ya kuiangukia.

Kwa mwenye mfuko kama ule wa kijana, nitasema hivi. Peni za tundu na zifanywe atakavyo mwenyewe. Mapesa ya Barghash na ya Kampuni yapelekwe Makumbusho ya Fort Jesus yakatazamwe kabla hayajatazamwa na fundi. Riale ya fedha ipimwe, iwekwe. Na za risasi, ikiwa hakuna kisima kilichobaki mtaani, bahari iko karibu.