Acheni Kurudisha Gemu Nyuma!

Juzi jamaa mmoja kazini alinisikia naongelea gemu, akacheka sana. "Wewe na digrii yako bado unacheza vitu vya watoto?" Sikumjibu pale pale, maana nilikuwa na stori ya kumaliza kabla mhariri hajaanza kunitafuta. Namjibu leo, na wenzake wote nao wasikie.

Kwanza tuelewane. Siongelei gemu za mpira wala zile za kufyatua risasi mpaka vidole viume. Naongelea zile ambazo unavaa uhusika wa mtu, unapewa nchi nzima ya kuzunguka, na unaamua mwenyewe uwe binadamu wa namna gani. Wengi wakizisifia husema, "Unafanya chochote unachotaka." Hapo nabishana hata na wapenzi wenzangu wa gemu. Kufanya chochote kuna nini cha ajabu? Hata ndotoni unafanya chochote. Utamu uko kwenye kulipia ulichofanya.

Chukua The Witcher 3, iliyotoka mwaka 2015, kazi ya CD Projekt Red ya Poland. Wewe ni Geralt, mtu anayeishi kwa kuua mazimwi kwa malipo. Unafika Velen, nchi iliyochakazwa na vita, unamkuta kamanda mlevi aitwaye Bloody Baron. Alikuwa akimpiga mkewe, na sasa mke na binti wote wametoweka. Unataka kumchukia, lakini akianza kusimulia unajikuta unamhurumia.

Katika kisa hicho hicho kuna roho iliyofungwa chini ya mti. Inakuomba uifungue, na inaahidi kuwaokoa watoto yatima walio mikononi mwa wachawi wa kinamasini. Utaiamini? Ukiifungua, watoto wanapona, lakini kijiji cha jirani kinaangamia, mke wa kamanda anakufa, na kamanda anajinyonga. Ukiiua, mama yule anabaki hai ila akili imemruka, na watoto ndio huwaoni tena. Na matokeo hayaji papo hapo. Yanakukuta mbele, umeshaendelea na safari zako.

Mimi niliifungua. Nilipomkuta kamanda ananing'inia mtini, mkono ulikimbilia kitufe cha kurudi pale nilipokuwa nimesevu. Nikajizuia. Hapo ndipo ugomvi wangu na nyie mnaorudisha gemu nyuma kila mambo yakiharibika, au mnaosoma majibu kwenye intaneti kabla hamjaamua. Mnafanya mtihani huku majibu mmeyashika mkononi, halafu mnajisifu mmefaulu!

Watengenezaji nao wasitudanganye. Mass Effect 3 ilipotoka mwaka 2012, watu walikuwa wamebeba maamuzi yao tangu gemu ya kwanza ya mwaka 2007. Wakafika mwisho, wengi wakaona kila njia inaishia karibu pale pale. Kelele zikapigwa mpaka BioWare, mwaka huo huo, wakatoa bure nyongeza ya kuupanua ule mwisho. Mimi nasema walikuwa na haki. Kama uamuzi wangu haubadilishi kitu, kwa nini uliniuliza?

Sasa nirudi kwa yule jamaa wa kazini. Niliwahi kuandika habari nikataja jina la mlinzi aliyenipa maelezo. Hakuniomba nimfiche, nami sikufikiria mara mbili. Habari ilipotoka, alifukuzwa kazi. Nilimwomba radhi, akanisamehe, lakini kazi hakurudishiwa. Gazeti likishachapwa hakuna mahali uliposevu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiniambie ni vitu vya watoto. Nimekutana na watu wazima wengi, wengine wana vyeo, ambao hawajawahi kukaa na matokeo ya walichoamua hata kwa dakika tano.

Na nyie mlioicheza, mliifungua ile roho au mliiua? Mlirudisha nyuma? Semeni kweli.