Simu haitoshi

Swali tunaloulizwa sana na wasikilizaji ni hili: ninunue kinasa sauti gani nimrekodi bibi? Na jibu linalotolewa sana, hata na wenzangu wa hapa kwenye podikasti, ni: ah, una simu, rekodi tu. Mimi silikubali jibu hilo. Wacha niwaeleze kwa nini, na nitawapa jaribio ambalo halihitaji ujue chochote kuhusu mitambo.

Kazi yangu ya kila siku ni kupima watu masikio. Namkalisha mzee kwenye kibanda kisichoingiza kelele, namvalisha hedifoni, nampigia milio kuanzia Hz 250 mpaka Hz 8000, naye anabonyeza kitufe kila anaposikia. Wengi wao wanasikia vizuri milio minene. Wanaikosa ile myembamba ya juu, na huko juu ndiko zinakokaa s, f, sh na th. Ndiyo maana utamsikia mzee akisema, "Nasikia unaongea, ila sielewi unasema nini." Vokali zinamfikia, konsonanti zinapotea njiani. Simu ya waya ya zamani ilifanya vivyo hivyo: ilipitisha takriban Hz 300 mpaka Hz 3400 tu, na ndiyo maana watu walilazimika kutaja majina kwa "s ya Salim, f ya Fatuma". Basi rekodi mbaya inakuchukua wewe, mwenye miaka 22 na masikio mazima, inakupa masikio ya babu yako.

Sasa fikiria Kiswahili chenyewe. Zana ni vifaa, dhana ni wazo. Samani ni meza na makochi, thamani ni bei au uzito wa kitu. Mtu aliyekulia Mombasa au Unguja akisikia rekodi mbovu hatababaika, maana anayajua maneno yote mawili na atajaza pengo mwenyewe bila kujua kama amejaza. Sisi hatuna akiba hiyo. Wengi wetu hapa Toongabbie tulikulia kwenye Kiswahili cha jikoni na cha kukaripiwa. Neno tukilisikia mara ya kwanza kwenye rekodi, tutalishika vile vile tulivyolisikia. Kama dh imegeuka z ndani ya faili, basi kwetu ni z mpaka kufa.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Bibi yangu ni mtu wa Mombasa, anasema Kimvita. Kwake, paa la nyumba na paa yule mnyama si sauti moja. Weka kiganja mbele ya mdomo wake akimtaja mnyama, utahisi pumzi inakugonga. Akitaja la nyumba, hakuna kitu. Tahajia tuliyofundishwa haiandiki tofauti hiyo: yote ni p-a-a. Mama anaitoa pumzi ile akiwa na bibi, akiwa na sisi anaisahau. Mimi siitoi kabisa, nikijaribu nachekwa. Yaani katika nyumba yetu kitu hicho kimebaki kwa mtu mmoja mwenye miaka 83, hakimo kwenye maandishi, na pahali pekee pa kukiweka ni kwenye sauti. Halafu mtu ananiambia simu inatosha!

Simu nyingi hutengenezwa kwanza kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Ndani yake mna programu za kupunguza kelele, na programu hizo hukisia lipi ni neno na lipi ni takataka. Pumzi fupi, mwisho wa sentensi unaofifia, mzee anapoguna kabla hajajibu: vyote hivyo vinaweza kuhesabiwa takataka. Kisha kuna ile tabia ya simu kujiongezea sauti yenyewe kukiwa kimya, kwa hiyo bibi akinyamaza afikirie, friji ndiyo inapanda jukwaani.

Kinasa sauti cha mkononi, hata kidogo cha bei ya chini kama Zoom H1n, kinakupa mambo ambayo simu hukupa kwa shida. Unaamua mwenyewe kiwango cha sauti, na kinabaki hapo hapo. Unachomeka hedifoni na kusikia kile kinachoingia, sasa hivi, si kesho mambo yameshaharibika. Na unahifadhi WAV, faili isiyobanwa. Weka 48 kHz, biti 24, basi. Ukirekodi kwa stereo, saa moja itakula kama gigabaiti moja, na kadi ya 32 itabeba kiasi cha saa 30. Vinasa vipya vya biti 32, kama H1essential iliyotoka 2024, vinakuondolea hofu ya sauti kupasuka bibi akicheka ghafla. Lakini tafadhali, biti 32 hazizimi friji wala hazikusogezi karibu na mtu.

Maana hapo ndipo wauzaji wanapotupotosha. Tunalinganisha vinasa kwa tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi, ilhali umbali ndio unaoamua mengi. Kila ukizidisha umbali mara mbili unapoteza kama desibeli 6 za sauti ya msemaji, na kelele za chumba zinabaki pale pale. Kinasa cha bei mbaya kilichowekwa katikati ya meza ya kulia kitashindwa na kinasa duni kilichowekwa sentimita 25 kutoka kidevu cha bibi, kando kidogo ili pumzi ya p isiipige maikrofoni moja kwa moja.

Na nyumba zetu zina makelele, tuseme ukweli. Treni, mashine za kukata nyasi Jumamosi, kakatua jioni, nyenze mwezi wa Desemba, AC kwa sababu joto la huku magharibi ya Sydney si mchezo. Sebule zina vigae na vioo, kila neno linarudi mara mbili. Ingieni chumba cha kulala. Godoro, zulia na kabati lililojaa madera ya bibi vinafanya kazi kuliko maikrofoni yoyote utakayoagiza mtandaoni. Friji izimeni kwa hiyo nusu saa, na funguo za gari uziweke ndani yake. Hutaweza kuondoka bila kuiwasha tena.

Kuna anayenijibu: mbona santuri za Siti binti Saad tunazipenda na mikwaruzo yake yote? Kweli, tunazipenda. Lakini kumbuka yeye na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay mwaka 1928 ili warekodiwe kwa mitambo ya HMV. Walitafuta kilicho bora kwa wakati wao, na safari yake haikuwa ndogo. Sisi tunaona uzito kutoka sebuleni kwenda chumbani.

Sasa jaribio. Kabla ya kununua, au kabla ya kuamua kama ulicho nacho kinafaa, muombe mzee wako aseme maneno manne matano yanayokaribiana, kwa sauti yake ya kawaida. Chagua yale ambayo yeye mwenyewe anayatofautisha. Kwa wenzetu ambao wazazi wao wametoka Bukavu au Lubumbashi, dh na th huenda hazimo katika Kiswahili cha nyumbani, na hilo si kosa la mtu yeyote, tafuteni yenu. Kisha mpe rekodi binamu ambaye hakuwepo, avae hedifoni, aandike anachosikia. Akikosea nusu, rekodi yako ni mbaya hata kama wewe unaiona tamu. Wewe ulikuwepo, unakumbuka, masikio yako yanadanganywa na kumbukumbu. Halafu rekodi chumba kitupu dakika moja kwa kiwango kile kile cha sauti. Ukisikia "shhhh" nene kama mvua juu ya mabati, kinasa hicho hakimfai mzee mwenye sauti ya chini.

Na ambao wazee wao wako mbali? Hapo nalegeza msimamo, sina ubishi. Msirekodi simu ya WhatsApp kutoka huku. Muombeni mtu aliye naye pale arekodi kwenye simu yake, karibu na mdomo, kwa ubora wa juu kabisa ambao simu inaruhusu, halafu atume kama dokumenti, si kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti unabanwa.

Faili ya kwanza usiiguse. Kusafisha, kukata, kufanya MP3 ya kumtumia shangazi, yote hayo yafanywe kwenye nakala. PARADISEC, hifadhi ya sauti iliyoanzishwa mwaka 2003 na ambayo Chuo Kikuu cha Sydney ni mmoja wa wenyewe, huzigeuza kanda za zamani kuwa faili za biti 24 na 96 kHz. Hawajui mtu wa miaka 50 ijayo atataka kusikia nini ndani yake. Na wewe hujui.

La mwisho, ombeni ruhusa, na muiombe kinasa kikiwa kimeshawashwa. Hapa New South Wales sheria ya mwaka 2007 inakataza kurekodi mazungumzo ya faragha kwa siri, lakini hata bila sheria, mzee harekodiwi kwa kuviziwa. Nilipomuomba bibi alikubali kwa masharti mawili: habari za ndoa yake ya kwanza zisitoke nje ya nyumba mpaka azikwe, na mimi nimsomee kwanza maswali yote. Maswali yalikuwa kumi na tisa. Amefuta saba.