Mlango wa seva: kuharakisha ni hatari, kuchelewa pia

Hapa Kolwezi mtu akisema usalama, wengi wanafikiri ukuta wa mgodi na walinzi. Lakini kuna mlango mwingine: ule wa seva, ni kusema ordinatere yenye kubeba hesabu za ofisi ao majina ya wagonjwa. Seva nyingi duniani zinatumika na Linux, na fundi anaziingia kutoka mbali kwa programu ya OpenSSH. Mwizi akipita pale, anakuwa mwenye nyumba.

Tarehe 29 Machi 2024 dunia iliponea chupuchupu. Andres Freund, fundi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye mashini yake kunakawia karibu nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Alichimba, akakuta mlango wa siri ndani ya XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo karibu kila Linux iko nayo. Aliyeutia alijiita Jia Tan. Tangu 2021 alikuwa anasaidia kazi kwa upole, mpaka akaaminiwa. Programu hiyo ilikuwa inabebwa na mtu mmoja, Lasse Collin, bila mshahara.

Walioguswa ni wenye kukimbilia matoleo mapya kabisa: Debian ya majaribio, Fedora 40 kabla haijatoka rasmi, hata Kali, ile vijana wenye kujifunza udukuzi wanaipenda sana. Debian ya kawaida, ile tulivu, haikuguswa.

Basi fundi mwenye kuhesabu mega anaweza kusema: afadhali kutogusa kitu. Hapo anajidanganya. Tarehe 1 Julai mwaka ule ule, kampuni ya Qualys ilitangaza kosa katika OpenSSH yenyewe. Lilikwisha kutengenezwa 2006, likarudi kimakosa 2020. Safari hii Debian 12, ile tulivu, ilikuwa ndani. Masahihisho yalitoka siku ile ile. Aliyeacha seva yake bila kuyachukua, mlango ulibaki na ufa.

Kwa hiyo mambo mawili yasichanganywe. Toleo jipya la programu linaweza kungoja. Masahihisho ya usalama hayangoji, na mara nyingi si mazito: Debian na Ubuntu zinaweza kuyachukua zenyewe usiku, kazi ya unattended-upgrades. Pamoja na hayo, fundi aingie kwa ufunguo badala ya neno la siri, na root isiingie moja kwa moja kutoka nje. Hiyo haiombi hata franka moja.

Kampuni kubwa za shaba na kobalti ziko na watu wa kazi hiyo. Ofisi ndogo, shule, zahanati, mara nyingi zinategemea kijana mmoja anayeitwa wakati mashini imekwisha kufa. Kongo iko na Sheria ya Kidijitali tangu 13 Machi 2023, na inaadhibu mwenye kuingia kwa wizi. Lakini sheria inakuja nyuma ya mwizi. Mkubwa wa ofisi anaweza kumuuliza fundi wake leo: masahihisho ya mwisho yaliingia siku gani?