Kabla ya ng'ombe kuchezwa, watoto wasimuliwe

Muulize kijana wa Pemba mchezo wa ng'ombe umetoka wapi, atakujibu mara moja: kwa Wareno. Muulize Wareno hao walikuja lini, walitufanyia nini na waliondokaje, hapo atanyamaza. Mimi ni Mpemba, mchezo huu naupenda tangu utotoni, na ukimya huo unaniuma.

Aliyewahi kwenda Wingwi, Chwale au Kengeja siku ya mchezo anaijua raha yake. Zumari linalia, ngoma zinaitika, kina mama wamejifunga kanga zao za kutokea. Ng'ombe kafungwa kamba ndefu. Mchezaji anamwendea na kitambaa mkononi, anamchokoza, anamkwepa. Akija kwa kasi, vijana hao, juu ya miti! Kina mama nao hawanyamazi: aliyesimama imara anasifiwa kwa nyimbo, aliyekimbia anaimbwa vilevile. Mchezo ukimalizika ng'ombe hachinjwi. Mwenyewe anarudi naye nyumbani, akitembea naye kwa fahari.

Asili ya Kireno ndiyo tuliyosimuliwa na wazee. Basi na tuendelee pale waliposimamia. Vasco da Gama alifika pwani hii mwaka 1498. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, na mchele wa Pemba ukawa unavushwa kwenda kulisha mji huo. Waomani waliizingira ngome hiyo tangu 1696, wakaiteka mwaka 1698. Mtoto anayewataja Wareno uwanjani anataja enzi ambayo jasho la wakulima wa kisiwa chake lilinufaisha wageni. Ana haki ya kulijua hilo.

Tena Wareno ni kipande tu cha habari. Mchezo hunoga zaidi karafuu zikishachumwa, makonyo yakishachambuliwa, majamvi yakishakunjwa na watu wakiwa na chochote mfukoni. Na karafuu nazo zina yao. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Ya Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika, na kisiwa chetu kikawa ndicho mzalishaji mkuu. Neema hiyo ilichumwa kwa mikono ya watumwa, hadi amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897 ilipoondoa uhalali wa utumwa. Wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa leo wanasimama uwanja mmoja, wanashangilia ng'ombe mmoja. Mimi naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika sherehe hii, na hatulisemi.

Tusiposema, yatatukuta ya Meksiko. Mei 5, 1862, jeshi la Jenerali Ignacio Zaragoza liliwashinda Wafaransa mjini Puebla. Leo siku hiyo inashangiliwa Marekani kwa vyakula, vinywaji na muziki, na wengi wanaamini ndiyo siku ya uhuru wa Meksiko, ambayo ni Septemba 16. Shangwe imebaki, waliopigana Puebla wamesahaulika.

Najua wapo watakaosema: watu wamekuja kufurahi, usituletee darasa uwanjani. Nawajibu kwamba darasa lipo siku zote. Nyimbo za kina mama zinataja nani alikuwa shujaa, nani alikimbia, ng'ombe gani alitia fora. Hiyo ni historia, na watu wanaicheza na kuicheka bila kuchoka. Tunachokosa ni kuirefusha ifike nyuma ya enzi za babu zetu.

Waandaaji wa mchezo watoe robo saa kabla ng'ombe wa kwanza hajaingizwa. Azungumze mzee mmoja wa kijiji na mwalimu mmoja wa historia. Skuli ziwatume wanafunzi kwa bibi zao wakaandike nyimbo za zamani za uwanjani, kwa majina ya vijiji na ya ng'ombe, maana bibi akifariki huondoka nazo. Serikali inayoutangaza mchezo huu kwa watalii ianze kwanza kuwafundisha wenyewe. Gharama yake ni ndogo mno, na faida yake ni kijana anayecheza ng'ombe huku akijua anacheza kitu cha nani.