Mtumishi Naye Aingie Zamu ya Ulinzi

Mali ya mkulima wa Kinole haina ukuta wala kufuli. Ndizi, machungwa, mananasi, mdalasini, karafuu na pilipili manga vimesimama nje usiku na mchana, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru inayopokea mvua kutoka Bahari ya Hindi, na mara nyingi shamba liko mbali na nyumba ya mwenyewe. Kwa hiyo linapozungumzwa suala la ulinzi katika kata ile ya Morogoro Vijijini, hatuzungumzii redio iliyochomolewa dirishani tu. Tunazungumzia jasho la miaka.

Mpilipili manga huchukua miaka mitatu hivi tangu kupandwa hadi kuanza kuzaa, na mkarafuu huchukua zaidi ya hapo. Mwizi huchukua usiku mmoja. Tena hasara haiishii kwenye kile alichobeba. Mkulima mwenye hofu huchuma kabla ya wakati: badala ya kungoja punje za kwanza za kishada zianze kuwa nyekundu, huzivuna zingali changa, akazianika, zikasinyaa na kuwa nyepesi, na mnunuzi akamshushia bei. Hivyo mwizi huwaibia hata wale ambao hakutia mguu mashambani mwao. Wenzetu wa Madagaska yamewafika hayo hayo katika vanila, hata wakulima wakafikia kutoboa alama zao kwa sindano juu ya maganda mabichi, ili mali iliyoibwa itambulike mbele ya mnunuzi.

Nani basi alinde? Askari polisi hawawezi kuwako katika kila kitongoji cha milimani, ambako nyumba zimetawanyika migongoni na mabondeni na gari huishia njiani. Jibu la Taifa hili tangu mapema lilikuwa wananchi wenyewe. TANU iliweka mabalozi wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960. Mwongozo wa mwaka 1971 ukasisitiza mgambo, na sheria ya mwaka 1975 ikawapa mgambo hao uwezo wa kukamata wahalifu. Kisha likaja jambo ambalo halikuagizwa na ofisi yoyote. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilikuwa zimezagaa, na wezi wa ng'ombe katika mikoa ya Shinyanga na Tabora walikuwa hawakamatiki. Kati ya 1981 na 1982 Wasukuma na Wanyamwezi wakajipanga kwa pinde, mishale na filimbi. Huo ndio mwanzo wa sungusungu. Chama kikawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili nao watambuliwe.

Tukiyasifu hayo, hatuna budi kuyasema na mengine. Katika safari hiyo hiyo kuna watu walipigwa bila kuulizwa, na kuna vikongwe waliofukuzwa vijijini mwao kwa tuhuma za uchawi. Wala kosa la namna hiyo si la wanakijiji wenye mishale peke yao. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vyenyewe viliendesha msako dhidi ya watu walioshukiwa kwa mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mahabusu. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuinua mkono juu ya mtu yeyote, lakini mwaka 1977 alijiuzulu kwa sababu yalitendeka chini ya wizara yake. Miaka minane baadaye akawa Rais. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwani wapo wanaodhani kwamba mlinzi asiyepiga ni mlinzi legelege.

Hapa ndipo tunapofika kwa wasomaji wetu walimu na watumishi wa Serikali. Katika vijiji vingi vya nchi hii, zamu ya ulinzi inapopangwa, majina ya mwalimu, bwana shamba na mtendaji huandikwa pembeni au hayaandikwi kabisa. Mmoja husema ana madaftari ya kusahihisha. Mwingine hutoa fedha ya chai ya walinzi, akaenda kulala. (Muuguzi wa zahanati tumwache, yeye huamshwa usiku kwa kazi nyingine, nayo pia ni zamu.) Matokeo yake ni kwamba doria hubaki mikononi mwa vijana ambao hawajapata kuisoma sheria wanayoitekeleza, na aliyeisoma yumo kitandani. Likitokea la kutokea, msomi huyo huwa wa kwanza kulaani wananchi kujichukulia sheria mkononi.

Hatusemi mwalimu akeshe kila usiku na asubuhi asimame mbele ya ubao akisinzia. Tunasema jina lake liwe kwenye orodha kama la jirani yake, na juu ya hapo alete kile alicho nacho zaidi ya jirani yake, yaani kalamu. Kila kundi la doria linahitaji daftari. Liandikwe jina la aliyekamatwa, saa na mahali, nani walimkamata, alikutwa na nini, hali ya mwili wake wakati huo, na saa aliyokabidhiwa kwa polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mhalifu katika mazingira iliyoyataja, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Katiba nayo, katika ibara ya 13, inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Mstari mmoja ulioandikwa saa nane usiku, kwamba kijana huyu alikamatwa na mkungu wa ndizi na hana jeraha, unaweza kumwokoa kijana, ukawaokoa na walinzi, na mahakamani ukawa ushahidi dhidi ya mwizi wa kweli. Kesi nyingi za wizi wa mazao huanguka kwa sababu hakuna aliyeandika kitu.

Lipo jambo jingine gumu, na wageni waliohamishiwa Uluguru hawalioni upesi. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya mpwa. Mwizi wa shamba la jirani mara nyingi si mgeni aliyetoka mjini, bali ni mtoto wa ukoo unaojulikana. Basi shauri humalizwa nyumbani, fidia hulipwa au hailipwi, na msimu unaofuata kijana hurudia. Usuluhishi wa wazee tunauheshimu. Lakini mjomba anayesuluhisha kwa mara ya tatu hasuluhishi tena, anaficha.

Yatupasa pia kuonya juu ya amri za kutoka juu. Kinole ni makao ya kale ya akina Kingalu, watawala waliosifika kwa kuleta mvua. Mamlaka ya machifu ilifutwa kisheria mwaka 1963, ila kumbukumbu ya kushauriwa haikufutwa. Mwaka 1955 Waluguru waliasi matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuchimba na serikali ya kikoloni. Udongo wao walikuwa wanaupenda, ila waliona wanasukumwa bila kusikilizwa. Mtendaji atakayeshuka na orodha ya doria iliyopigwa chapa wilayani atapata saini zote, na usiku hatampata mtu.

Tena ulinzi huu ni wa kitongoji. Tangu mfumo wa vyama vingi uanze mwaka 1992, balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa Chama chetu, na anaweza kuhamasisha kama anavyohamasisha kiongozi mwingine yeyote. Lakini zamu hupangwa na kamati ya ulinzi na usalama ya halmashauri ya kijiji, na mwanachama wa chama kingine analindwa na kulinda vilevile. Mwizi hakagui kadi.

Halmashauri ya kijiji ina uwezo, chini ya sheria ya mwaka 1982, wa kutunga sheria ndogo zinazothibitishwa na halmashauri ya wilaya. Humo iandikwe nani ana zamu, nani amesamehewa na kwa sababu gani, na kwamba fedha haiwi badala ya zamu. Iandikwe pia nani atawasindikiza kina mama wanaotoka na mizigo ya ndizi kabla ya alfajiri siku ya gulio, kwani njia za mtelemko zina vichaka vingi. Na ziorodheshwe nyumba za walimu, ambazo Juni na Desemba hubaki tupu wenyewe wakiwa likizo kwao, zikilindwa na vijana wale wale. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Kwenye mkutano ujao mwalimu mkuu asiketi safu ya wageni. Aje na daftari jipya na kalamu, na aanze kwa kuandika usiku wake mwenyewe.