Butembo: Deni la minervali lizuie diploma, lisizuie mtihani

Wakati wa mitihani, kwenye vyuo vikuu vingi vya nchi hii, apariteri husimama mlangoni mwa ukumbi na karatasi mkononi. Anasoma majina ya waliomaliza kulipa minervali. Anayesikia jina lake anaingia. Asiyelisikia anabaki uani na kalamu yake, anatazama wenzake kupitia dirisha. Butembo, jimboni Kivu Kaskazini, si tofauti na kwingine.

Zamani aliyebaki uani alipiga simu nyumbani. Baba aliuza mbuzi, ao mama aliuza magunia mawili ya maharagwe, na kabla ya mitihani ya marudio deni lilikuwa limekwisha. Hesabu hiyo leo haiwezekani tena kwa familia nyingi. Kanyabayonga, Kayna na Kirumba, kusini mwa wilaya ya Lubero, ziliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024. Shamba lilibaki kule, mbuzi walibaki kule, na mzazi aliyekuwa akilipa sasa analala na watoto wake wote katika chumba kimoja kwa familia ya mapokezi. Upande wa Manguredjipa, ni ADF wanaofukuza wakulima. Kakao inaiva bila mtu wa kuivuna. Kisha tarehe 27 Januari 2025 Goma nayo ikaanguka, benki zikafunga milango. Hata mwanafunzi mwenye kaka anayefanya kazi Goma alibaki kungojea feza ya simu, ambayo inakatwa kidogo wakati wa kutuma na kidogo tena wakati wa kuitoa.

Kumsomea mwanafunzi huyo orodha ile ile, kwa sauti ile ile, kama vile vita haijatokea, si haki.

Lakini lazima wakuu wa vyuo wasikilizwe pia. Chuo cha binafsi hakipati mishahara ya walimu kutoka Kinshasa. Minervali ndiyo inalipa mwalimu, chaki, mafuta ya jenereta na mlinzi wa usiku. Mwalimu anayekaa miezi mitatu bila kulipwa anaacha kazi, na hapo wote wanapoteza, aliyelipa na asiyelipa. Na kuna wanafunzi, wanajulikana, waliopewa feza na wazazi wakainunulia simu, kisha wanajificha nyuma ya jina la wakimbizi. Mkuu wa chuo anayeogopa kufungua mlango kwa kila mtu hakosi akili.

Ndiyo maana suluhisho halipo kwenye kusamehe deni. Lipo kwenye kubadilisha mahali ambapo deni linadaiwa. Leo linadaiwa mlangoni mwa mtihani, na anayefukuzwa hapo anapoteza mwaka mzima. Lidaiwe kwenye diploma. Mwanafunzi aliyehama asaini karatasi ya deni mbele ya katibu wa masomo, aandike atalipa kidogo kidogo kwa namna gani, aingie mtihani kama wenzake. Akimaliza masomo bila kumaliza deni, diploma ibaki kwenye kabati la chuo hadi siku atakapolipa. Chuo hakipotezi haki yake, na kijana hapotezi mwaka. Mwaka ni kitu kikubwa kwa mtu wa miaka ishirini katika mji huu wakati huu. Msichana aliyerudi nyumbani kwa ajili ya minervali mara nyingi anaolewa kabla mwaka mwingine haujaanza. Kijana naye hakai muda mrefu barabarani bila mtu kumkaribisha kuchukua bunduki.

Chuo kidogo kinaweza kufanya hivyo kuliko chuo kikubwa, kwa sababu kinajua watu wake. Katika promosyo ya watu thelathini, mwalimu anajua nani anaketi wapi, na wanafunzi wenyewe wanajua nani alifika na mfuko mmoja wa nguo na nani anadanganya. Hakuna haja ya uchunguzi mrefu. Mkuu wa promosyo, mwakilishi wa fakulte na mtu mmoja wa ofisi ya apariteri wakikaa saa moja, watatenganisha majina hayo bila kukosea sana.

Tena vyuo hivi vilizaliwa ili watoto wa hapa wasikose masomo. Mwaka 1971 serikali ilikuwa imeweka vyuo vikuu vyote vya nchi chini ya kimoja, UNAZA, na mtoto wa Beni ao Lubero alilazimika kwenda kusomea mbali sana na kwao. Ni mwaka 1989, mlango ulipofunguliwa kwa vyuo vya binafsi, ndipo jimbo la Kanisa Katoliki la Butembo-Beni, chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, lilipoanzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Vingine vilifuata. Watoto wa Kirumba na Kayna wanaosimama uani leo ni watoto wa sehemu hiyo hiyo.

Kuna na shida ya karatasi. Wengine walikuwa wamekwisha kusoma nusu ya mwaka mahali pengine, wakakimbia bila karatasi ya alama. Wakifika Butembo wanaambiwa waanze tena mwaka wa kwanza. Hapo mpangilio wa LMD, ambao nchi iliuingiza tangu mwaka wa masomo 2021-2022, ungesaidia kama ungetumiwa kama ulivyoandikwa. Katika LMD mwaka una kredi 60, licence ina kredi 180, na kredi ambayo mwanafunzi amekwisha kuipata ni yake, anaweza kwenda nayo chuo kingine. Kumrudisha mwanzo mtu mwenye kredi 40 ni kumlipisha mara mbili kitu alichokwisha kununua.

Kwa familia zilizohama zenye mtoto chuoni, kuna mambo ya kufanya bila kungoja wakuu. Risiti za minervali, hata za zamani, zipigwe picha na zitumwe kwenye simu ya ndugu mwingine. Vilevile kadi ya mwanafunzi na karatasi za alama. Na mtoto aende kuona katibu wa masomo mapema, wiki nyingi kabla ya mitihani, akiwa na mzazi ao mkubwa wa familia ya mapokezi. Siku ya mtihani yenyewe, mlangoni, hakuna anayesikiliza.

Wanafunzi wenyewe nao wanaweza kitu. Mama zao wengi wako ndani ya muso, na wanajua kasha nyekundu ni ya nini: ugonjwa, kifo, moto wa nyumba. Promosyo ikiweka kasha nyekundu yake, franka mia tano kwa mtu kila wiki, haitalipa minervali ya mtu. Itanunua sillabusi kwa asiye nayo, makala na unga kwa anayepika mara moja kwa siku. Sillabusi hasa. Ni ajabu kuona mwalimu anahubiri mshikamano saa mbili, na saa nne anaandika majina ya wasionunua sillabusi yake.

Karatasi ya majina, hiyo ambayo apariteri anasoma mlangoni, inachapwa kwa kompyuta siku moja ao mbili kabla ya mtihani. Sasa ina safu moja, ya waliolipa. Kuongeza safu ya pili, ya waliosaini deni, ni kazi ya dakika kumi.