Ziara ya Kisumu kwa Wanafunzi wa Nyanda za Chai

Aghalabu chama cha Kiswahili cha chuo chochote nchini Kenya kinapoandaa ziara ya kitaaluma, hoja ya kwanza mkutanoni huwa ni nauli ya kwenda Pwani. Hutajwa Mombasa na Ngome ya Yesu, hutajwa Lamu na vichochoro vyake, na mweka hazina huanza kukuna kichwa. Hakuna atakayeibeza safari hiyo. Asiyeijua Pwani amekosa sehemu kubwa ya historia ya lugha hii. Hata hivyo, kwa mwanafunzi aliyezaliwa Kericho au Bomet, au anayesomea Chuo Kikuu cha Kabianga, liko jiji la ufukweni lisilozidi sana kilomita 80 kutoka mjini Kericho. Jiji hilo ni Kisumu. Ajabu ni kwamba wengi hulijua kama stendi ya kubadilishia matatu, na wachache wanaolitembelea hufanya mambo yale yale: hula samaki, hupanda mashua, hupiga picha jua likitua, kisha hurudi nyumbani wakiamini wameliona ziwa.

Mambo hayo yenyewe hayana ubaya. Samaki wa Kisumu huliwa kwa ugali na kwa mikono, na anayeomba kisu na uma hujitambulisha kuwa mgeni kabla hajafungua kinywa. Mgeni aende Dunga alfajiri, mashua za wavuvi zinapowasili, aone ngege, sangara na omena wakipimwa na bei ikipandishwa na kushushwa kwa maneno. Pembeni mwa gati hilo kuna kinamasi cha mafunjo chenye ndege ambao huonekana kwa nadra mbali na mafunjo. Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, lina boma kamili la Kijaluo, na hapo mwanafunzi wa fasihi simulizi hupata maelezo ya mpangilio wa nyumba za wake ambayo vitabuni huyasoma bila kuyaona. Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza, liko nje ya jiji kwa barabara ya Bondo, na ngano yake husimuliwa papo hapo na wenyeji. Soko la Kibuye lifaa kutembelewa Jumapili. Kuhusu viboko, yatosha kusema kwamba hawana miadi na mtu.

Kasoro ya orodha hii ni kwamba ingeweza kupewa mgeni yeyote, awe ametoka Garissa au London. Haimwambii mtoto wa mkulima wa chai ni kwa nini ziwa hilo linamhusu. Nalo linamhusu kuliko anavyodhani. Kila mkazi wa Kericho ajua kwamba asubuhi yaweza kuwa angavu, na kufikia alasiri mawingu yakawa yametanda kutoka magharibi, ikanyesha mvua, na mara nyingine mvua ya mawe inayochanachana majani. Mvua hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na ziwa. Ziwa Viktoria liko katika mwinuko wa takriban mita 1,130. Upepo wake wa mchana hubeba unyevu hadi kwenye nyanda zilizo mamia ya mita juu zaidi, nao ukifika huko hupoa na kuwa mvua. Chai haivumilii kiangazi kirefu. Kwa hiyo malipo anayoyapata mama wa Litein kwenye kituo cha kupimia majani yana deni lisiloandikwa popote, na mdai ni maji yanayoonekana kutoka gati la Kisumu.

Deni hilo hulipwa kwa mito, na malipo yenyewe si safi. Mto Sondu-Miriu hukusanya maji ya Msitu wa Mau na ya mashamba ya Kericho na Bomet, huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60, kisha huingia katika Ghuba ya Winam. Mto Nyando nao huteremka kutoka milimani na kuzitandaza mvua za huko juu katika uwanda wa Kano, ambako wakazi wa Ahero na vijiji jirani huhama nyumba zao mara kwa mara kwa sababu ya mafuriko. Mwanafunzi anayesimama Dunga na kuona maji ya rangi ya udongo na magugu maji yaliyofunga njia ya mashua ana haki ya kusikitika, ila asisikitike kama mtazamaji. Sehemu ya udongo ule na ya rutuba inayoyanenepesha magugu hayo imeteremka kutoka kwao. Hadithi fupi ya Grace Ogot, The Rain Came, iliyo katika mkusanyo wake wa mwaka 1968, humwonyesha msichana akitolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe. Ikisomwa ufukweni na watu wanaotoka nchi ambayo mvua hainyimwi, mjadala hauwezi kufanana na ule wa darasani.

Kisha ipo historia. Reli kutoka Mombasa ilifika ufukweni hapo mwezi Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi. Takriban miongo miwili baadaye makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai katika ardhi walikoondolewa Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho walioogopwa kwa uwezo wao wa kuwaunganisha watu, na mamia yao wakapelekwa Gwassi, kwenye mwambao wa ziwa lilo hilo, mahali palipojaa mbung'o na malaria. Wakati huo huo mashamba yaliyobaki nyuma yalihitaji vibarua, na wengi walitoka upande wa ziwa. Ndivyo mwenyeji wa milimani alivyofukuziwa ufukweni, na mwenyeji wa ufukweni akapandishwa milimani kuchuma majani. Ni ziara gani ya wanafunzi wa Kericho iliyowahi kutenga japo nusu saa ya kulizungumzia hili wakitazama maji?

Wasiotaka kuyakumbuka hayo husema ziara ni ya kufurahi. Lakini yaliyofuata hayako mbali. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wengi wenye asili ya Nyanza walikimbia mashamba ya chai kwa kuhofia maisha yao. Mwaka 2023 damu ilimwagika Sondu, soko la mpakani ambalo matatu hulipitia. Vijana waliosomea Kiswahili pande zote mbili za mpaka huo wana lugha moja ya kuulizana maswali, na wengi wao hawajawahi kuitumia kwa kazi hiyo.

Hapa pana pingamizi ambalo husikika hata kwa wahadhiri: kwamba Kiswahili cha Kisumu si Kiswahili cha kufunzia mtu. Pingamizi hili lafaa kukataliwa bila haya. Kijaluo hakina sauti /sh/, ndiyo maana shamba huwa samba. Kikipsigis hakitofautishi vipasuo ghuna na vipasuo si ghuna, ndiyo maana gari huwa kari. Kila upande huicheka kasoro ya mwenzake na hauisikii yake. Ni utafiti gani wa fonolojia ulio rahisi na wa karibu kuliko huo, ambao mtafiti naye ni sehemu ya data? Isitoshe, gati la Kisumu huunganisha Kenya na Mwanza na Port Bell. Meli ya MV Uhuru ilirejea majini mwaka 2019 baada ya kukaa bure miaka mingi, na lugha ya mabaharia na wapakiaji wa ziwa hilo ni Kiswahili kilichochanganyika lahaja za nchi tatu. Wanafunzi wangapi wamekirekodi?

Gharama nayo haiwezi kuwa kisingizio. Basi moja la chuo hutoka Kabianga alfajiri na kurudi usiku, na wenyeji wa kualikwa wapo: Chuo Kikuu cha Maseno kina wanafunzi wa Kiswahili, nacho kiko mwendo mfupi kutoka Kisumu. Waandaliwe mapema, watajwe katika ratiba kama washiriki kamili wala si waongozaji wa wageni, na mwaka unaofuata wao wapande Kericho.

Ratiba yenyewe ianze Sondu, basi lisimame darajani, watu washuke wayatazame maji yanayopita chini yao. Dunga iwe asubuhi, jumba la makumbusho adhuhuri, gatini alasiri. Samaki waliwe mwisho, saa ambayo kule juu ya mashamba mvua huwa imekwisha kuanza.